Kreta za Miezi ya Barafu: Jibu la Swali Nililolikalisha Chini

Ilikuwa wiki ya tatu ya mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ya sekondari ya kata hapa hapa mkoani Dodoma. Nilikuwa nafundisha Jiografia Kidato cha Kwanza, mada ya mfumo wa jua. Ubaoni nilikuwa nimechora sayari zote kwa chaki za rangi, najiona mwalimu kamili. Nikatoa simu, nikaizungusha dawati kwa dawati ili waone picha ya mwezi mmoja wa sayari ya Mshtarii, ambayo wengi wetu tunaiita Jupita. Nikawaambia kwamba mwezi huo umefunikwa na barafu, na kwamba yale mashimo ya duara yanaitwa kreta.

Binti mmoja wa dawati la nyuma akanyosha mkono. "Madam, samahani. Kama hiyo ni barafu, jiwe likiipiga si inapasuka vipande vipande? Mbona shimo ni la duara, kama limechorwa kwa bikari?"

Aliuliza kwa Kiswahili. Darasa likaangua kicheko, maana juu ya ubao kulikuwa na bango linaloamuru Kiingereza tu. Na mimi, badala ya kuwanyamazisha waliocheka, nikamwambia aulize upya kwa Kiingereza. Alibaki amesimama kidogo, akaangalia chini, akakaa. Kengele ikalia.

Niseme ukweli, ndugu msomaji. Siku ile shida haikuwa Kiingereza cha yule binti. Shida ni kwamba sikuwa na jibu. Nilijificha nyuma ya bango. Usiku nikiwa nimelala chali naangalia bati, sauti ya yule mtoto ikawa inanirudia: kama limechorwa kwa bikari. Kwa umri wake alikuwa ameona kitu ambacho mimi, mwenye miaka 22 na mihula kadhaa ya Jiografia kichwani, sikuwahi kukiona. Makala hii ni deni langu kwake. Naliandika hapa kwa sababu wengi wetu wa Elimu tutasimama mbele ya darasa la namna ile, na swali la namna ile litakuja.

Kreta ya kwetu na kreta ya huko

Tuanze na neno lenyewe, maana ndilo lililonipoteza. Mtanzania akisikia "kreta" anaona Ngorongoro: tembo, faru, ukungu wa asubuhi. Ngorongoro ni shimo la volkano. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita mlima mkubwa ulitapika lava mpaka chumba cha chini kikabaki kitupu, kisha kilele kikadidimia ndani. Kikabaki kitu kama sufuria lenye upana wa karibu kilometa 20 na kina cha mita 600 hivi. Nguvu ilitoka chini.

Kreta nyingi unazoziona kwenye picha za miezi zina asili nyingine kabisa. Nguvu ilitoka juu. Kipande cha mwamba au cha barafu chafu kinachozurura angani, yaani asteroidi au nyota yenye mkia, kiligonga uso wa mwezi. Hata wanasayansi walibishana muda mrefu juu ya jambo hili. Kule Arizona, Marekani, kuna shimo lenye upana wa kilometa 1.2 ambalo wengine waliamini ni la volkano. Mwaka 1960 ndipo mwanajiolojia Eugene Shoemaker na wenzake walipoonyesha kwamba ndani yake kuna aina ya madini ya kwatzi ambayo huhitaji mgandamizo mkubwa mno ili yatokee, mgandamizo usiopatikana kwenye volkano. Jiwe kutoka angani ndilo lililopiga pale.

Kwa nini duara?

Sasa tuje kwenye swali lenyewe, sehemu ya bikari. Ukitupa jiwe kwa mkono kwenye tope, shimo linafuata umbo la jiwe. Jiwe refu, shimo refu. Ukilirusha kwa mshazari, shimo linakuwa la mshazari. Kwa hiyo mtu ana haki ya kutegemea kwamba miezini nako kutakuwa na mashimo ya kila umbo.

Tofauti ni mwendo. Treni yetu ya umeme ya SGR inakwenda kilometa 160 kwa saa, na tunajisikia tumepaa. Kitu kinachogonga miezi ya Mshtarii huja kwa mwendo wa kilometa 20 au zaidi kwa sekunde. Kwa mwendo huo, safari ya Dar es Salaam hadi Dodoma ingechukua sekunde 20 na ushee. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo kilo moja tu ya jiwe ikija hivyo inabeba nishati mara karibu 50 ya kilo moja ya baruti ya TNT. Jiwe halipati nafasi ya kuchimba. Linapogusa tu uso, mawimbi ya mgandamizo yanatoka pale penye mgongano na kusambaa pande zote, jiwe lenyewe linayeyuka na kugeuka mvuke, na ardhi inarushwa nje kama mlipuko.

Mlipuko hausambai kwa umbo la kilicholipuka. Unasambaa pande zote sawasawa, ndiyo maana shimo linakuwa la duara hata kama jiwe lilikuja kwa mshazari. Ni mpaka lije karibu sana na kulala ndipo shimo hurefuka. Na shimo linakuwa kubwa kuliko jiwe, mara nyingi kwa zaidi ya mara kumi.

Nilipofika hapa kwenye kusoma nilikwenda kumwelezea jirani yangu wa hosteli anayesoma jiolojia hapa chuoni. Alikuwa anapika chai kwenye jiko la umeme ambalo haliruhusiwi, kwa hiyo naye simtaji jina. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Sasa acha kulitazama jiwe. Jiwe limeshakufa. Itazame ardhi." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifungulia somo zima, kwa sababu kwenye miezi ya barafu shimo ni ushahidi wa kile kilicho chini yake.

Barafu ambayo ni mwamba

Barafu tunayoijua sisi ni ile ya ukwaju kwenye kimfuko, unaing'ata kona na kuifyonza wakati jua la saa nane linakuchoma pale stendi. Imetoka kwenye friji ikiwa nyuzi chache chini ya sifuri, na ndani ya dakika tano imeshakuwa juisi. Barafu ya Europa, mwezi mmojawapo wa Mshtarii, ipo kwenye nyuzi 160 chini ya sifuri hivi. Kwa baridi hiyo barafu haina utani. Ni ngumu, inabeba milima, na ikigongwa inapasuka na kurushwa kama mwamba. Kwa hiyo swali la yule binti lina majibu mawili: ndiyo, barafu inapasuka vipande vipande. Vipande hivyo ndivyo vinavyorushwa nje na kuacha shimo, na vingine huanguka kuzunguka ukingo.

Lakini barafu si jiwe kabisa. Kuna jaribio ambalo maumbile yenyewe yametufanyia, nami naona ni zuri kuliko yote. Mwezi wetu, huu unaoangaza kilima cha Chimwaga, ni wa mwamba. Ganymede, mwezi mkubwa kuliko yote wa Mshtarii na mkubwa hata kuliko sayari ya Zebaki, uso wake ni wa barafu. Kani ya mvutano kwenye miezi hii miwili inakaribiana sana, ya Ganymede ikiwa ndogo kidogo. Kama mvutano peke yake ndio ungeamua umbo la shimo, kreta za huku na za kule zingefanana.

Hazifanani. Kwenye Mwezi wetu, kreta yenye upana wa chini ya kilometa 15 hivi ni bakuli safi. Ikizidi hapo, kuta zinaanza kuporomoka ndani na katikati panainuka kilima, kwa sababu ardhi iliyogandamizwa inarudi juu. Kwenye Ganymede mabadiliko hayo yanaanza mapema mno, kwenye kreta za kilometa mbili au tatu tu. Barafu inachoka haraka. Haiwezi kusimamisha kuta ndefu kama mwamba unavyoweza.

Na kreta zikizidi kukubwa, Ganymede na jirani yake Callisto zinaonyesha kitu ambacho Mwezi wetu hauna desturi nacho: badala ya kilima katikati kuna shimo jingine, shimo ndani ya shimo. Mojawapo ya maelezo ni kwamba joto la mgongano liliyeyusha barafu ya katikati, maji yakanywea kwenye nyufa za chini, juu pakabonyea. Kwenye kreta kubwa zaidi, ndani ya shimo hilo la pili kuna kichuguu cha barafu kimevimba, kama barafu ya chini iliyo laini zaidi imejaribu kuchungulia.

Shimo linalosahau

Umewahi kuangalia lami mahali malori yanapopita polepole au kusimama mchana wa jua kali? Lami ni ngumu, ukiipiga nyundo inalia. Lakini uzito ukikaa juu yake muda mrefu, wakati wa joto, inabonyea taratibu na kuacha mifereji ya matairi. Ngumu kwa pigo la ghafla, laini kwa mzigo wa muda mrefu. Barafu nayo iko hivyo, hasa ile ya chini karibu na joto la ndani ya mwezi.

Matokeo yake ni kwamba kreta kwenye barafu zinaweza kufifia zenyewe bila mvua wala upepo. Sakafu inapanda polepole, ukingo unashuka, mpaka baada ya muda mrefu sana panabaki duara jeupe lisilo na kina. Ganymede ina makovu ya namna hiyo, na mojawapo lina upana wa zaidi ya kilometa 300. Ni kama maandishi ya ubaoni yaliyofutwa kwa kitambaa kikavu: huyasomi vizuri, lakini unajua paliandikwa.

Kasi ya kufifia inategemea joto la ndani, na hapo ndipo shimo linapogeuka kipimajoto. Chukua miezi miwili ya sayari ya Zohali. Wa kwanza ni Mimas, mdogo, kipenyo chake hakifiki kilometa 400. Una kreta moja iitwayo Herschel yenye upana wa kilometa 130 na ushee, yaani theluthi ya mwezi mzima. Kwa uwiano huo, kreta kama hiyo duniani ingeanzia Dodoma ikafika Cairo. Kilima chake cha katikati kina urefu wa karibu kilometa 6, kinalingana na Kilimanjaro, kwenye mwezi ambao ungeenea kati ya Dodoma na pwani. Herschel bado ni kali, kuta zimesimama. Wa pili ni Tethys, wenye kreta Odysseus ya zaidi ya kilometa 400. Sakafu ya Odysseus imeinuka mpaka inafuata mviringo wa mwezi wenyewe, kama mtu aliyebonyeza mpira kisha ukarudi.

Kwa picha hizo mbili unaweza kukisia kwamba Tethys uliwahi kuwa na joto ndani wakati Mimas ulikuwa baridi tangu zamani. Lakini mwaka 2024 watafiti waliotumia takwimu za chombo Cassini walitangaza dalili kwamba hata Mimas una bahari chini ya barafu yake. Sasa Herschel ikawa shahidi mgumu: kama ndani pana maji, mbona kuta hazijalegea? Maelezo yao ni kwamba bahari hiyo ni changa mno, joto lake halijapata muda wa kulainisha barafu ya juu. Umeona? Hoja nzima inapita kwenye umbo la shimo.

Mwezi mwingine wa Zohali, Enceladus, utakufurahisha kwa majina. Kreta zake zimepewa majina kutoka Alfu Lela Ulela. Ali Baba yupo, Aladdin yupo, tena wako majirani, kila mmoja na upana wa kilometa 30 na ushee, sakafu zao zimevimba kwa ajili ya kufifia huko nilikokueleza. Lakini ukishuka upande wa kusini hukuti kreta. Unakuta nyufa ndefu nne zenye majina ya miji, Baghdad, Cairo, Damascus na Alexandria, na kutoka humo Cassini iliona mwaka 2005 mvuke wa maji ukiruka angani.

Uwanja uliofagiliwa

Mahali pasipo na kreta nako kuna habari yake. Kila aliyesoma shule ya msingi Tanzania anajua kufagia uwanja kabla ya kengele. Uwanja ukifagiliwa vizuri hauna hata unyayo mmoja. Mwalimu wa zamu akipita saa nne na kuukuta na nyayo tatu, anajua hapajapita watu wengi tangu asubuhi. Akiukuta umejaa nyayo juu ya nyayo, anajua haukufagiliwa, na mtu atachapwa.

Wanajiolojia wanahesabu kreta kwa mantiki hiyo hiyo. Callisto umejaa nyayo juu ya nyayo. Uso wake ni wa karibu miaka bilioni nne, haujafagiliwa tangu ujana wa mfumo wa jua. Humo ndimo lilimo pigo kubwa la Valhalla, ambalo pete zake zimeenea kipenyo cha karibu kilometa 3,800, kama mawimbi ya bwawa yaliyoganda. Europa, jirani yake, una kreta kubwa chache za kuhesabika. Kwa hesabu hizo uso wake unakadiriwa kuwa na miaka kati ya milioni 40 na 90. Kijiolojia hiyo ni jana asubuhi. Kuna kitu kinaufagia, na kinachoshukiwa ni mwendo wa barafu yenyewe juu ya bahari ya maji ya chumvi iliyo chini.

Hapo ndipo penye uzito wa jambo. Kama chini ya Europa kuna bahari, watu wanataka kujua kama kuna uhai, na kwanza wanataka kujua ganda la barafu lina unene gani. Hatujawahi kutoboa. Chombo Galileo kilizunguka Mshtarii kuanzia 1995 hadi 2003, kikapiga picha. Lakini mawe ya angani yametusaidia kugonga, kama unavyogonga tikiti maji sokoni kusikia limejaa nini.

Kuna kreta iitwayo Pwyll, kilometa 26 hivi, changa, imerusha michirizi myeupe zaidi ya kilometa elfu. Katikati ina kilima cha barafu. Kama ganda lingekuwa jembamba sana, jiwe lililochimba shimo hilo lingelitoboa na kukutana na maji, na maji hayajengi kilima. Kwa hiyo hapo ganda ni nene kuliko pigo hilo. Sakafu ya Pwyll nayo iko karibu sawa na uwanda unaoizunguka, dalili kwamba barafu ya chini ni laini, imerudi juu. Kisha kuna mapigo makubwa zaidi, Tyre na Callanish. Hayo hayana kilima, yana pete juu ya pete, kama utando wa uji uliopigwa kijiko ukakunjamana. Ukilinganisha mapigo ambayo ganda liliyahimili na yale yaliyolishinda, unapata kisio la unene. Makisio mengi ya njia hii yanaangukia kilometa 20 hivi. Tumepima ganda la mwezi wa mbali kwa kusoma makovu yake.

Na sisi wa nyanda za kati?

Msomaji atauliza: mbona Dodoma hatuna hata moja? Tumekaa juu ya mwamba wa zamani sana. Majabali ya granite unayoyaona ukiwa kwenye daladala, kuanzia mlima Simba hadi vilima vinavyozunguka chuo, ni sehemu ya kitovu cha kale cha bara hili, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Haiwezekani eneo la umri huo likakosa kupigwa. Lakini mwamba ni wa kale, uso si wa kale. Mvua, mito, upepo na jua vimekwangua mpaka nyayo zikafutika, na mashapo na udongo wa mbuga vimefunika zilizobaki. Dunia nayo inafagia uwanja wake. Ndiyo maana kreta za mgongano zilizothibitishwa duniani ni 200 tu hivi, na Tanzania haina hata moja kwenye orodha.

Ya jirani ipo. Luizi, kwenye uwanda wa Kundelungu huko Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ina upana wa kilometa 17. Ilithibitishwa mwaka 2011, baada ya watafiti kukuta mawe yenye mistari inayotawanyika kutoka nchani kama mkia wa farasi, alama ambayo mgongano wa angani huiacha. Kabla ya hapo watu walipita pale miaka yote wakiona bonde tu.

Mawe yenyewe tunayo. Kimondo cha Mbozi mkoani Songwe, tani 16 hivi za chuma, wengi mnakijua. Kisichojulikana sana ni kimondo cha Ivuna, mkoa huo huo, kilichoanguka tarehe 16 Desemba 1938. Kilichookotwa hakikufikia kilo moja, lakini kimelipa jina kundi zima la vimondo adimu: ile herufi I kwenye kundi la CI ni ya Ivuna. Ni vimondo vyenye maji yaliyofungwa ndani ya madini kama udongo wa mfinyanzi, na kaboni nyingi. Mwaka 2020 Wajapani walipoleta duniani vumbi la asteroidi Ryugu, walikuta linafanana na mawe ya kundi hilo. Vitabu vyetu vya kiada havikuniambia. Nimelijua kwa sababu ya swali la mtoto.

Beseni tatu

Wiki ya mwisho ya mazoezi nilirudi darasa lile na beseni tatu nilizoazima kwa mama wa kantini. La kwanza lilikuwa na vumbi kavu la uwanjani. La pili udongo wa mbuga uliolowa. La tatu uji uliopoa mpaka ukaweka utando. Kabla ya yote nikawaambia kwamba leo mtu aulize kwa lugha anayoiweza, tutatafuta Kiingereza chake pamoja baadaye. Kisha nikamgeukia yule binti, nikamwambia mbele ya wenzake kwamba siku ile swali lake lilikuwa zuri na mimi sikuwa na jibu. Hakuna aliyecheka. Nadhani hawakuwa wamezoea kusikia hivyo.

Tukaangusha kokoto ile ile, kutoka urefu ule ule. Kwenye vumbi pakabaki bakuli na michirizi pembeni. Kwenye udongo pakatokea shimo, na kabla hatujamaliza kuandika kuta zilikuwa zimeanza kujikunja ndani. Kwenye uji utando ukapasuka, kokoto ikazama, mikunjo ikabaki imezunguka tundu. Nikawauliza: mngeona picha tu, bila kugusa, mngejua beseni lipi lina nini? Wakajibu kwa pamoja kwamba wangejua.

Yule binti alikuwa ameinama juu ya beseni la vumbi. Akaingiza vidole, akaitoa kokoto, akainyanyua. "Lakini Madam, jiwe lenu bado lipo. Na ulisema la kule linakuwa mvuke."

Nikamwambia ndiyo, na kwamba hapo ndipo mfano wetu unapodanganya: sisi tumeangusha taratibu, kule linapiga. Tukahesabu ubaoni kokoto yetu ilikuwa na mwendo gani ilipofika chini, mita ngapi kwa sekunde, na tungehitaji kuiongeza mara ngapi. Sifuri zilipoongezeka darasa likawa linaguna. Kisha yeye mwenyewe akaiandika ile sentensi kwa Kiingereza, polepole, wenzake wakimsaidia maneno mawili.

Chombo cha Wamarekani, Europa Clipper, kilichoruka Oktoba 2024, kinategemewa kufika Mshtarii Aprili 2030. Cha Wazungu wa Ulaya, JUICE, kilichoruka Aprili 2023, kitafika Julai 2031 na baadaye kitazunguka Ganymede. Vyote vina rada za kuchungulia ndani ya barafu. Watajua kama yale makovu yalisema kweli kuhusu unene wa ganda. Yule binti wakati huo, mambo yakienda sawa, atakuwa anamaliza kidato cha sita au ameanza chuo, labda hiki hiki. Nimemwachia namba za miaka hiyo nyuma ya daftari lake. Kokoto alibaki nayo.